Bangili Inayotafuta Ardhi

Sina ugomvi na mtu anayeogopa umeme. Ugomvi wangu ni na mtu anayeogopa umeme asiouona, huku ule unaoonekana, unaoning'inia juu ya bati kwa waya uliofungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, anapita chini yake akipiga mluzi. Mtu huyo ni mpwa wangu. Analala kwangu, anakula kwangu, na tangu aamue kujiundia kompyuta sebuleni kipande kwa kipande, anatoa amri kwangu.

Zamani mtu akitaka kompyuta alikwenda dukani Makiso, hapa Kisangani, akaonyeshwa boksi, akalipa, akalipakia kwenye baiskeli ya toleka, basi. Mwenye baiskeli analalamikia uzito, unamwongezea kidogo, mnafika. Kijana wa leo hanunui kompyuta, anaijenga. Ukimwuliza kwa nini asitafute ya mapajani iliyotumika huko Ulaya, anakujibu kwamba ya mapajani ikifa inakufa yote, lakini hii kikiharibika kipande unabadilisha kipande. Nikanyamaza, maana hoja ilikuwa na kichwa na miguu.

Vipande navyo kila kimoja kilikuja kwa njia yake. Prosesa na mazabodi vilitoka kwa mdogo wangu anayeishi Montréal, vikahama kutoka sanduku la msafiri huyu kwenda la yule, watu wasiofahamiana. Ramu ilinunuliwa Kampala na mfanyabiashara wa Butembo, ikaingilia Kasindi, ikapita Beni, Komanda, Niania na Bafwasende, juu ya lori na baadaye juu ya pikipiki, katika barabara ambayo mvua ikinyesha hata padri anashuka kusukuma. Ilifika imeviringishwa kwa gazeti na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliowahi kubeba sukari. Huo mfuko tutaonana nao tena.

Amri ya kwanza ilihusu ndara zangu. Ya pili ilihusu shati.

"Noko, hilo shati ni la poliesta."

Noko ni mimi, ndugu wa mama yake. Nikamwambia ni shati nililovaa kwenye harusi ya mama yake.

"Ndiyo, Noko, lakini linazalisha umeme."

Nikamjibu kwamba kama shati langu lingekuwa linazalisha umeme, nisingekuwa ninakula gizani tangu Jumapili.

Ya tatu alimtolea mke wangu, na hapo ndipo kijana alipojua kwamba kozi ya informatika haifundishi kila kitu. Alimwomba, kwa adabu zote, asipite karibu na meza akiwa na nywele zake za bandia kichwani, kwa sababu nyuzi zile zikisuguana na kitambaa zinajaa chaji. Mke wangu akaweka chini sufuria aliyoishika. "Meza ni yangu," akasema. "Sebule ni yangu. Hizi nywele nimezilipia. Hiyo kompyuta yako imelipia nini humu ndani?" Tangu siku hiyo anapita karibu na meza hata akiwa hana safari.

Nimtendee haki kijana, kwa sababu anachokiogopa kipo. Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Ukitembea, ukiinuka kitini, ukivua sweta, mwili wako unajikusanyia chaji bila kukuambia. Inakaa hapo imetulia, ndiyo maana inaitwa umeme tuli, mpaka uguse chuma, na hapo inaruka yote kwa mara moja. Binadamu hahisi kitu mpaka volti zifike kama 3,000. Kusikia ule mlio mdogo kunahitaji kama 5,000, na kuiona cheche, karibu 10,000. Vipande vya kompyuta havisubiri hapo. Vingine vinajeruhiwa na volti 100 au chini yake, kwa sababu ndani ya kila transista kuna utando wa kuzuia umeme ambao unene wake ni nanomita chache, na ukishatobolewa haushonwi. Lililo baya zaidi, si lazima kipande kife siku ile. Kinaweza kuwaka, kikafanya kazi, kikaanza kuugua miezi baadaye, garantii ikiwa imekwisha. Hilo la garantii halitusumbui sana. Kwetu garantii inaishia mlangoni mwa duka.

Kwa hiyo sikatai kwamba ugonjwa upo. Ninachouliza ni kama upo Kisangani.

Mdogo wangu wa Montréal anao. Huko majira ya baridi wanawasha mitambo ya kupasha nyumba joto, hewa ya ndani inakauka, sakafu ina zulia kutoka ukuta hadi ukuta, na mtu akitoka sebuleni kwenda jikoni ameshakuwa nguzo ya umeme. Ananiambia anaogopa kushika kitasa cha mlango wa nyumba anayoilipia mkopo. Wahandisi wana jedwali lao la zamani linalonukuliwa katika vitabu vingi: mtu akitembea juu ya zulia katika hewa kavu, yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 20, anaweza kujikusanyia volti 35,000. Mtu huyohuyo, zulia hilohilo, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hadi 90, anapata 1,500.

Sasa tuje kwetu. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta, msitu nyuma, mto mbele, na mvua inayopita mita moja na nusu kwa mwaka. Hapa chumvi inatokwa machozi ndani ya kopo. Kiberiti unakianika juani kwanza ndipo kikubali kuwaka. Biskuti ukiifungua asubuhi, jioni unaikunja. Mkanda wa suruali ukiusahau kabatini unaota ndevu za kijani. Na zulia la ukuta hadi ukuta? Atakayelitandika katika mtaa wa Mangobo ataanza kuvuna uyoga kabla ya Krismasi. Hewa yetu ni maji yaliyoamua kusimama wima, na katika hewa hiyo ndimo ninamoambiwa nivue shati kwa sababu ya ukavu.

Kijana naye hakukosa jibu. Alisema, "Noko, 1,500 si sifuri. Wewe huzihisi, ramu inazihisi." Ni kweli, unyevu unapunguza umeme tuli, hauufuti. Lakini jedwali lilelile lina mstari mwingine ambao hakuusoma kwa sauti: kuokota mfuko wa plastiki wa kawaida juu ya meza kunaleta volti 20,000 katika hewa kavu, na hata katika hewa yenye unyevu kunaleta 1,200. Nikamwonyesha ule mfuko wa sukari. Ramu imekaa ndani yake tangu Kampala, imesuguana nao katika kila shimo la barabara, imetikiswa kwenye pikipiki hadi Bafwasende na kuendelea. Imefika hapa sebuleni ndipo imeanza kuogopa shati langu?

Alikaa kimya, kisha akautoa mfuko nje kwa vidole viwili. Mazabodi, kwa upande wake, ilikuja ndani ya mfuko wake halali, ule wa kijivu unaong'aa, wenye utando wa metali unaozuia umeme usipenye. Watoto wangu waliutaka wajaladie madaftari. Nilitegemea fujo, lakini kijana aliwaeleza kwa utulivu kwamba mfuko ule unakinga kitu kilicho ndani tu, na kwamba wapo mafundi wanaotandika mazabodi juu yake kisha wanawasha, wasijue kwamba uso wa nje unaweza kupitisha umeme. Mahali pa kuilaza ni juu ya katoni yake. Hilo nililipenda, kwa kuwa katoni haiombi nivue kitu.

Sasa bangili. Ilikuja kutoka Montréal ndani ya bahasha, na karatasi ya maagizo marefu kuliko ya dawa ya kifua kikuu. Ni utepe wa bluu wa kuvaa mkononi, una kibati cha chuma kinachogusa ngozi, na waya uliojisokota wenye kibanio cha meno mwishoni. Ndani ya waya kumefichwa kizuizi cha ohmu milioni moja, na hapo ndipo penye akili yote ya kifaa hiki. Umeme tuli una volti nyingi lakini kiasi chake ni kiduchu, kwa hiyo unavuja kupitia kizuizi bila taabu. Kwa bahati mbaya ukigusa waya wa volti 220, kizuizi hakiruhusu zaidi ya miliampea 0.22 kupita mwilini, na hizo haziui mtu. Bangili ya bei rahisi isiyo na kizuizi ni kamba ya kujifunga mwenyewe kwenye umeme. Fundi yeyote mwenye kipimo anaweza kukupimia, kutoka kwenye kibati hadi kwenye kibanio, kabla hujaivaa.

Taabu ilianza kwenye mstari wa kwanza wa maagizo: bana kibanio kwenye waya wa ardhi wa nyumba. Mpwa wangu akasimama katikati ya sebule, bangili mkononi, kibanio kinaning'inia, anatafuta ardhi.

Prizi zetu ni za mtindo wa Wabelgiji. Iliyo kamili ina matundu mawili na kipini cha chuma kinachochomoza kando yake, na kipini hicho ndicho cha ardhi. Zilizomo kwangu nyingi zina matundu tu, lakini nyuma ya kabati tuligundua moja yenye kipini. Tulifurahi, watoto wakaitwa waone. Kijana akaenda akazima umeme wa nyumba nzima, kazi ambayo siku hiyo haikuhitajika kwa kuwa ulikuwa umeshazimwa na wenyewe, akaifungua prizi. Nyuma ya kipini hapakuwa na waya wa aina yoyote. Kipini kimewekwa pambo.

Akabana kwenye nondo ya dirisha. Nondo imeingia kwenye tofali, tofali limekaa juu ya tofali. Akabana kwenye bomba la maji. Bomba ni la plastiki, na maji yenyewe ni hadithi nyingine. Akabana kwenye kitanda changu cha chuma. Nikamwuliza, "Na kitanda kimeunganishwa na nini?" Akafikiri, akasema, "Na wewe, Noko."

Rafiki yake wa chuo akaja na dawa: bangili isiyo na waya. Wallahi zinauzwa. Utepe uleule, kibati kilekile, waya hakuna, na maandishi kwenye pakiti yanadai kwamba chaji inatoweka yenyewe hewani. Inatoweka kwenda wapi, kwa maombi? Umeme unataka njia ya kupita, na kampuni imeuza njia bila njia. Yule rafiki aliivaa wiki nzima hata darasani, na lazima niseme ilimpendeza.

Kisha video moja ikamfundisha kitu ambacho nusura kinifanye nitoe kompyuta nje kwa mikono yangu. Wataalamu wa nchi za mbali wanashauri hivi: chomeka kisanduku cha umeme cha kompyuta ukutani, usiwashe, halafu ushike chuma cha boksi mara kwa mara, nawe utakuwa umeunganishwa na ardhi. Kwao ni kweli, kwa sababu kwao waya wa ardhi upo na unafika. Kwetu, ukichomeka kisanduku kile kwenye prizi isiyo na ardhi, mambo yanageuka. Ndani yake kuna vichujio vya kelele za umeme, navyo vimejengwa vikitegemea waya wa ardhi. Waya usipokuwapo, chuma cha boksi kinabaki kinaelea kwenye nusu ya umeme wa ukutani, karibu volti 110. Umeme unaopita hapo ni mdogo, chini ya miliampea moja, lakini ukipitisha mgongo wa mkono taratibu juu ya bati unasikia linakutekenya, na ukiwa peku unasikia zaidi. Mke wangu alikuwa anafuta vumbi. Aliruka. Hakusema neno, alimtazama mpwa, akanitazama mimi, akaenda kuvaa ndara, zilezile zilizopigwa marufuku.

Kwa hiyo ushauri wa kuikinga ramu na volti za shati ulikuwa unaipa ramu volti 110 za ukutani, na mwenye mkono akiwamo.

Hapo nikamchukua kijana nikampeleka kwa fundi ninayemwamini huko Mangobo, mzee anayefungua redio tangu mji haujajua simu ya mkononi. Fundi alisikiliza habari yote ya bangili bila kucheka, jambo ambalo lilimgharimu. Kisha akasema maneno machache. Chomoa kila kitu ukutani. Bana kibanio kwenye chuma cha boksi lenyewe. Kabla ya kushika kipande, shika boksi. Basi. Kwa kazi ya kuunganisha vipande, ardhi ya kweli si ya lazima. Linalotakiwa ni mkono wako, boksi na kipande viwe na umeme sawa, pasiwe na wa kumrukia mwenzake. Na kama huna bangili, fanya kazi bila viatu juu ya sementi yenye unyevu, maana sementi ya Kisangani inanyonya chaji kupitia nyayo kuliko utepe wowote wa posta. "Lakini peku," akaongeza, akinyosha kidole, "waya ukiwa umechomolewa. Peku na umeme ndani, hiyo tutakuja kuimba."

Halafu akatuonyesha kilichotufaa zaidi. Alichukua kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya meza, akamimina kiganjani kapasita kadhaa, yale mapipa madogo meusi yanayokaa ndani ya kisanduku cha umeme. Ubavuni mwa kila moja pameandikwa uwezo wake: volti 400, nyingine 450. Vichwa vyao, ambavyo kiwandani hukatwa alama ya msalaba ili vikizidiwa vipasuke hapo, vilikuwa vimefura na kufunguka, na kwenye ufa palikuwa pamekauka uchafu wa rangi ya chai. Ukinusa, harufu ya samaki aliyesahauliwa. Fundi akaeleza: waya wa nyutro ukilegea juu ya nguzo, nyumba iliyozoea volti 220 inaweza kupata karibu 380. Zikishageuzwa ndani ya kisanduku zinakuwa kama 537. Kapasita ya 450 itavumilia mpaka lini?

Nikamwuliza ameletewa kompyuta ngapi zilizouawa na shati. Akasema za shati hazikumbuki. Za umeme unaorudi ghafla baada ya delestaji, yaani mgawo wa umeme, hesabu ilishamshinda. Za mjusi aliyelala kwenye kisanduku akaunganisha nyaya mbili kwa mwili wake, zipo pia. Mpwa wangu akadakia kwamba jeraha la umeme tuli halionekani kwa macho, linataka hadubini. Fundi akakubali, kwa heshima. "Kweli, mwanangu. Hadubini sina. Nina kopo."

Na sijataja radi. Mwaka 2016 wanasayansi waliohesabu miali kwa setilaiti ya TRMM, ya Marekani na Japani, walitoa orodha ya mahali panapopigwa zaidi duniani. Pa kwanza ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, miali kama 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Pa pili ni Kabare, Kivu Kusini, miali kama 205. Nchi yetu ina medali ya fedha ya radi na hakuna aliyetoka barabarani kushangilia. Mama yangu mzazi, asiyejua transista ni mnyama gani, wingu likianza kuwa jeusi upande wa Lubunga anachomoa kila kilichochomekwa, anateremsha waya wa antena, anafunika kioo. Kioo sijui kinaikosea nini radi. Lakini mengine yote ameokoa nayo televisheni nyingi kuliko bangili zote za Montréal, na kijana wangu, mtaalamu, siku ya ngurumo ndiye anayesema, "Subiri kidogo, Bibi, inapakua."

Kazi yenyewe ya kuunganisha ilifanyika usiku, kwa sababu umeme wa kuwasha ampuli ulirudi saa nne, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha. Aliyeishi hapa anajua kinachofuata. Prosesa ilikuwa ya AM4, ina vipini 1,331 upande wa chini, vyembamba vya kuumiza macho, na kimoja kikipinda umekwisha. Kijana ameishika kwa ncha za vidole, bangili imebanwa kwenye boksi, hapumui. Mimi nimeshika tochi. Jasho limejikusanya kwenye ncha ya pua yake, tone zima la maji ya chumvi, linatetemeka juu ya mazabodi. Hakuna maagizo yaliyotaja jasho, maana walioyaandika walikuwa wamevaa sweta. Nikalipangusa kwa mkono wa shati. La poliesta. Hakusema kitu.

Ndipo kumbikumbi wakaingia. Waliingia kwenye dirisha, chini ya mlango, kwenye matundu ya dari, wakaizunguka ampuli, wakaanza kudondosha mabawa. Mabawa juu ya katoni, mabawa kwenye feni, mabawa kwenye soketi iliyo wazi. Kijana anapiga kelele zimeni taa. Ukizima taa, vipini 1,331 utaviingiza wapi? Mke wangu akaja na beseni la maji, akaliweka chini ya ampuli, sentimita chache kutoka mezani, ili waangukie humo. Mpwa akamsihi aliondoe. "Hawa wana mafuta," akajibu akiwakusanya. "Kompyuta yako ina mafuta?" Asubuhi tulikula kumbikumbi wa kukaanga, na mtaalamu aliomba waongezwe.

Iliwaka, ndiyo. Ramu ya mfuko wa sukari inafanya kazi, prosesa inafanya kazi, na bawa moja linaonekana nyuma ya kioo cha boksi kwa yeyote anayetaka kulitazama.

Lakini kutekenya kulibaki, na mke wangu alikuwa ametoa tarehe ya mwisho. Fundi akaletwa nyumbani. Alichagua pahali karibu na mfereji wa maji ya jikoni, ambapo udongo haukauki, akapigilia chuma kirefu kilichopakwa shaba, karibu mita mbili, akaeleza kwamba nondo ya kawaida ingeliwa na kutu. Pembeni yake akashindilia makaa yaliyopondwa na chumvi, ili udongo upitishe umeme vizuri. Chumvi ilikuwa ya jikoni. Sitaeleza jinsi ilivyopatikana. Kutoka kwenye chuma akavuta waya wa kijani na njano hadi kwenye prizi ile yenye kipini, na kipini, baada ya miaka ya kuwa pambo, kikaajiriwa. Ametuambia pia tununue kile kikata-umeme kinachokata chenyewe miliampea 30 zikivuja, maana chuma bila hicho ni nusu ya kazi. Bei yake tumeisikia. Tunaitafakari.

Nilipokuwa nimeshika tochi, safari hii kwa ajili ya shimo, nilifikiria koltani inayochimbwa Rubaya na kwingineko huko Kivu, ambayo inatoa tantali ya kutengenezea kapasita ndogo zinazojaa kwenye simu na kompyuta za dunia. Ardhi ya Kongo imesafiri mpaka viwandani Asia, imeingia ndani ya kila kifaa, imerudi kwetu kwa bei ya dola. Kuiunganisha tena na ardhi ya Kongo iliyoko hatua chache kutoka jikoni kumenigharimu chuma, makaa na amani ya nyumba.

Mwisho wa mwezi akaja mwenye nyumba kuchukua kodi, akaona kichwa cha chuma kinachungulia karibu na mfereji.

"Nani amewaruhusu kuchimba ardhi yangu?"

Mpwa wangu, ambaye mdomo wake haujawahi kuunganishwa na chochote, akamweleza kwamba kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali.

"Basi Serikali ije yenyewe idai kodi yake," akasema mwenye nyumba. "Yangu iko wapi?"

Nikamlipa upesi. Akahesabu, akaweka mfukoni, akauliza kama chuma kitabaki tukihama. Kijana akasema kinang'oleka. Mwenye nyumba akasema kilichoingia uani kwake hakitoki. Wakabishana hivyo mpaka sebuleni, na katika kubishana mwenye nyumba akaegemeza kiwiko juu ya boksi la kompyuta. Akanyamaza. Akaondoa kiwiko kwenye boksi, akaligusa tena kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono, taratibu, mtu anayejua anachokitafuta.

"Hii haitekenyi," akasema.

Kumbe kwake Kabondo friji inawatekenya wajukuu kila wakienda kuchukua maji, na ameshabadilisha friji. Jumamosi tunakwenda kumpigilia chuma chake. Chuma atanunua yeye, fundi nitamleta mimi, kijana atavuta waya. Chumvi, amesema, tuje nayo.